Vitufe Upande wa Kushoto

Mtu akiniuliza nilifanya kazi gani Ifakara, huwa najibu kwamba nilikuwa karani wa samaki. Watu hucheka, nami nawaacha wacheke, maana maelezo yake ni marefu na mimi si mtu wa kurudia maelezo. Samaki wenyewe niliwaona kwa nadra. Nilichokiona kila siku ni uzito wao na urefu wao, kambale, perege, kitoga, vimeandikwa kwa penseli kwenye karatasi zilizonuka mto, na kazi yangu ilikuwa kuviingiza kwenye kompyuta mpaka mabega yakakakamaa.

Ilikuwa miaka ya tisini, ile ya mwishoni mwishoni, wakati kompyuta bado ni kitu cha kufunikwa kitambaa. Yetu ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, utadhani redio ya bwana harusi. Mradi wenyewe ulikuwa mdogo, wa kuchunguza uvuvi wa bonde la Kilombero, na ofisi yake ilikuwa ya vyumba viwili nyuma ya soko. Makao makuu yalikuwa Dar es Salaam, mbali kiasi kwamba mvua zikikolea na barabara ikakatika tulikuwa kama hatuna makao makuu. Mle ndani tulikuwa wawili tu: mimi, na mzee aliyekuwa mkuu wa takwimu.

Nilitoka Lushoto. Nalisema hilo ili ugomvi wangu na Ifakara ueleweke. Kwetu asubuhi unavaa sweta. Ifakara unatoka jasho kabla hujamaliza kuvaa. Kwetu ukikohoa, jirani anauliza umepatwa na nini. Ifakara nilipanga chumba kwa mama mmoja mwema sana, lakini msimu wa mpunga ulipofika alifunga mlango wake, akabeba sufuria, akahamia shambani ng'ambo ya mto, kwenye kibanda cha juu ya nguzo wanachokiita dungu, kulinda ndege na ngiri. Hakuwa peke yake. Nusu ya mtaa ilihama. Nilibaki na majogoo na mbu, na jioni nilikuwa nawasha redio si kwa sababu ya taarifa ya habari bali ili pawe na mtu anayeongea.

Nilikuwa mpweke. Nimejaribu kutafuta neno la kiungwana zaidi na sijalipata. Watu wa mjini waliniita "dada wa kompyuta", wakanisalimia kwa heshima, wakapita. Heshima ni kitu kizuri lakini huwezi kula nayo wali.

Na mzee naye hakuwa wa kumaliza upweke wa mtu. Alikuwa mwenyeji wa bonde, Mndamba, mrefu, mwembamba, shati jeupe la mikono mifupi limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mkewe alikuwa amefariki zamani na watoto walikuwa Mbeya na Dar. Asubuhi nikiingia nasema shikamoo, yeye anasema marahaba, umeamkaje, nasema salama, na hapo mazungumzo ya siku yanakuwa yamekwisha. Asubuhi kompyuta ilikuwa yangu, niingize namba. Mchana ilikuwa yake, azichambue. Mimi nilikaa kwenye meza ya dirishani nikipanga karatasi, yeye alinipa mgongo, na panka lilizunguka juu yetu likitoa mlio wa mtu anayesafisha koo lakini hasemi.

Lakini siku alizokwenda mtoni, Kivukoni, kuwaona vijana wetu waliopima samaki pale pantoni inapovusha watu, kompyuta ilibaki kwangu siku nzima. Ndipo nilipogundua mchezo wangu. Programu ile ya uchambuzi ilikuwa na mstari wa vitufe juu ya skrini, vipicha vidogo vya kijivu: cha kuchapisha, cha kutafuta, cha kuchora grafu, na vingine ambavyo hata waliovitengeneza sijui kama waliwahi kuvibofya. Siku hizi wanauita upau wa zana. Sisi hatukuwa na jina lake, tulisema "vile vya juu". Nikagundua kwamba ukifungua kidirisha fulani unaweza kukamata kitufe na kukiburuta nje ya mstari, ukikiachia, kinapotea. Unaweza kuleta kingine mahali pake. Unaweza kuuhamisha mstari mzima ukasimama kando kama ukuta. Na tamu kuliko zote, unaweza kutengeneza kitufe chako mwenyewe na kuchora picha yake, mraba kwa mraba, rangi kwa rangi, kama mtu anayeshona kitambaa cha mezani.

Nikachora mlima. Nikachora nyumba ya mama yangu, na bati lake la kahawia na mgomba pembeni. Kitufe kile hakikufanya kazi yoyote. Kilikaa tu pale juu katikati ya vitufe vya watu wenye shughuli zao, nami nikiingiza uzito wa kambale nilikuwa nakitupia jicho. Mzee akikaribia kurudi nilikifuta. Sikutaka aulize ni nyumba ya nani.

Sasa nije kwenye macho yake.

Mara ya kwanza alilalamikia kompyuta. "Kioo hiki kimechoka," alisema, bila kugeuka. Nikachukua pamba na spiriti nikakifuta. Akaangalia, akasema bado. Nikafuta tena. Kioo kiling'aa kiasi kwamba nilijiona mwenyewe nimesimama nyuma yake, na nikamwona yeye pia, uso ameusogeza karibu kabisa, kichwa amekipinda kidogo kama kuku anayechungulia punje. Kishale cha kipanya kilikuwa kinazunguka juu ya skrini kinatafuta kitufe cha grafu. Kikapita juu yake. Kikarudi, kikapita tena. Kitufe kilikuwa pale pale kilipokuwa jana.

Nikarudi dirishani nikakaa. Mikono ilikuwa inanuka spiriti. Nilikuwa nimeelewa, na kitu cha kwanza nilichofikiria si huruma, nisijisifu bure. Nilifikiria kwamba sina mtu wa kumwambia.

Maana mambo yalikuwa hivi. Dar walikuwa wameshaanza kuuliza kama si vizuri karatasi zote zikapakiwa kwenye gari zikachambuliwe huko, kwa haraka, na vijana. Kila walipouliza, mzee aliwajibu kwamba kazi inaendelea. Siku moja baada ya kuongea nao kwa simu ya upepo, aliongea nami kuliko alivyowahi. "Samaki hawa nimewahesabu tangu sina hata mvi moja," alisema. "Wavuvi wananiuliza kila mwaka: wamepungua au ni sisi tumekuwa wengi? Nataka nilijibu hilo mwenyewe, kwa mkono wangu. Nikishajibu, wachukue hata kiti." Nami nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba siku Dar watakaposikia mkuu wa takwimu haoni vizuri, gari litakuja kesho yake. Watampa pole na mkono wa kwaheri, na jibu lake litaandikwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga tope la Kivukoni.

Ningemwambia nini? Mtu wa umri wangu hamwambii mtu wa umri wa baba yake, "Mzee, huoni." Neno hilo halina adabu hata ukilisema kwa magoti. Yeye ndiye angelisema, nami ningesema pole. Yeye hakusema. Basi tukabaki mle ndani, jambo limekaa katikati yetu kubwa kama kabati, na kila mtu analizunguka.

Alipokwenda mtoni safari iliyofuata, nilifungua kile kidirisha changu cha mchezo. Kwanza nilivikuza vitufe vyote, kulikuwa na mahali pa kuchagua viwe vikubwa. Kisha nikakamata kila kitufe asichokitumia nikakitupa nje. Vilivyobaki nikavihamishia kushoto, visimame wima ukingoni mwa skrini. Hilo nililifikiria sana. Ukingo hauhitaji macho. Ukikisukuma kipanya kushoto, kishale kinakwenda mpaka kinagota, na kikigota tayari uko juu ya vitufe. Kilichobaki ni kupanda au kushuka. Kazi ndefu, ile aliyokuwa akiifungulia dirisha ndani ya dirisha, niliiandika amri zake zote kwenye faili na kuifungia kwenye kitufe kimoja: ukibofya, jedwali linatoka. Picha nikazifuta. Nikajaza rangi tupu, nyeusi, nyeupe, njano, nyekundu, na kati ya kitufe na kitufe nikaacha nafasi.

Alirudi, akakaa, akashika kipanya. Nilijifanya napanga karatasi. Kishale kilitangatanga juu kama kawaida yake, hakikukuta kitu.

"Nani amehamisha vitu humu?"

"Ni mimi, mzee. Kule juu vilikuwa vinanichanganya. Nimeviweka vyote kushoto, ukingoni."

Akasukuma kipanya kushoto. Kikagota. Akashuka kidogo, akabofya, na jedwali la kambale likafunguka mbele yake. Akalifunga, akalifungua tena. Kisha akasema, taratibu, "Cha grafu kiweke chini kabisa, peke yake."

"Sawa, mzee."

"Na hii nyekundu haipendezi."

Nikaibadilisha ikawa nyeupe. Tangu siku hiyo tuliongea, kama yale ni maongezi. Kila baada ya muda alisema kitufe fulani kimekaa vibaya, au rangi fulani haipendezi, nami nikajua kwamba nuru nyingine imempungukia. Njano ilidumu muda mrefu. Siku aliposema njano nayo haipendezi nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo cha ofisi nikalia kidogo, halafu nikanawa uso nikarudi. Alikuwa anaongea na mimi juu ya jambo kubwa kuliko yote maishani mwake na nisingeweza hata kumwambia pole.

Namba nilimsomea. Alisema anataka kupumzisha shingo, nami nikasema si tabu. Nilisoma kwa sauti, yeye amefumba macho, na nikikosea tarakimu alinikatisha. "Kitoga wa uzito huo mwezi huo? Angalia tena." Nikiangalia, ni kweli nimeruka mstari. Akili yake haikuwa na ukungu wowote. Ripoti ilikuwa inakwenda, ukurasa kwa ukurasa, yeye anasema na mimi napiga, na mara nyingine akabofya mwenyewe kitufe cha chini kabisa na kusema, kwa raha, "Haya, tuone mchoro," kisha akanyamaza anisubiri nimweleze mstari unapanda au unashuka.

Mimi nilikuwa narudi chumbani nimechoka kuliko mtu aliyelima. Siri ya mtu mwingine ni mzigo wa ajabu. Kama ingekuwa yangu ningeitua, ningemwambia hata mwenye duka la chumvi. Hii sikuwa na ruhusa nayo. Mama mwenye nyumba aliporudi toka shambani, amekonda na amechangamka, aliniuliza mbona nimenyong'onyea hivyo, ni mwanamume? Nikacheka. Nikamwambia ni joto.

Kisha wakuu wakasema wanakuja. Mkuu wa mradi mwenyewe, toka Dar, na wageni wawili, wasikilize matokeo. Mzee alitakiwa kuyaonyesha kwenye kompyuta, jedwali kwa jedwali. Hakuonekana kuogopa. Alifanya mazoezi mchana kutwa: kushoto, kugota, kushuka, kubofya. Mtu ambaye hakujua angesema huyu mzee kazaliwa na kipanya mkononi.

Siku moja kabla ya ugeni alitangulia fundi kijana, alikuja na treni, mkoba umejaa diski za programu mpya. Mimi nilikuwa nimetumwa Kivukoni kuchukua karatasi za wiki, na pantoni ilikuwa ng'ambo imeharibika kidogo kama desturi yake, nikachelewa. Kijana alikuwa mtu mchangamfu na mwenye roho safi, hilo naliapia. Aliona mashine ina programu ya zamani, akaitoa akaweka mpya, ili wageni wafurahi. Na vile vitufe vyangu vikaenda na ile ya zamani.

Niliporudi nilisikia sauti yake kabla sijafika mlangoni. "Hapo juu, mzee. Si hicho, hicho kingine. Hapo hapo kwenye kipicha cha grafu." Mzee alikuwa kwenye kiti. Aliusukuma mkono kushoto, kishale kikagota, akabofya, na hakikutokea kitu. Akashuka, akabofya. Akapanda, akabofya tena.

"Dada, mambo," fundi akaniambia. "Hii mashine yenu ilikuwa imevurugika sana. Vitufe vimelundikana kushoto, vingine rangi tupu, havina hata picha. Nani alifanya vile?"

"Mimi."

"Kwa nini sasa?" Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua.

Mzee hakugeuka. Niliuona mgongo wake, lile shati lililonyooka, na shingo imekakamaa inasubiri. Ningeweza kusema ni mapenzi yangu tu, ni mchezo. Lakini nilikuwa nimechoka kutafuta maneno, na lililokuwa karibu ndilo lililotoka.

"Macho yangu ni mabovu," nikasema. "Vile vidogo sivioni."

"Aa, pole sana, dada. Ungesema tu." Na papo hapo akavuta kiti, akanipisha mashine, akakaa kunisaidia kurudisha kila kitu kilivyokuwa. Alinionyesha hata njia ya mkato ya kuvikuza. Mzee alitoka nje akasimama barazani, mikono nyuma, uso ameuelekeza kwenye milima ya Udzungwa ambayo najua hakuiona.

Mkutano ulikwenda vizuri kuliko nilivyoomba. Mzee alikaa mbele ya kompyuta, wageni nyuma yake, akafungua jedwali baada ya jedwali bila kubabaika, akasema samaki gani wamepungua na gani hawajapungua na kwa nini anafikiri hivyo. Mgeni mmoja alipiga makofi. Mkuu wa mradi alisema kazi kama ile haiwezi kuondolewa Ifakara, mzee aimalizie hapo hapo, kurasa zilizobaki azitume. Nilikuwa nimesimama mlangoni na trei ya soda na nilitamani kucheka kwa sauti.

Kisha mkuu akanigeukia. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba fundi amemweleza habari ya macho yangu. Akasema kazi ya skrini itaniumiza zaidi, na mradi hauwezi kubeba lawama hiyo. Ataleta karani mwingine. Mimi nipumzike, nirudi nyumbani nikatibiwe, niagwe vizuri.

Nikamtazama mzee. Alikuwa bado kwenye kiti, mkono juu ya kipanya. Neno moja tu lingetosha. Angeweza kusema hata, "Huyu binti namhitaji." Alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akainamisha kichwa, na mkuu akaendelea na ajenda nyingine.

Nilikasirika. Naandika leo nina mvi zangu na bado nikifika hapa hasira inanipanda kidogo. Nilijua kwa nini amenyamaza. Kurasa zilibaki chache, na kunitetea kungefumua mshono mzima. Yote nilijua, na bado roho iliniuma. Siku zilizobaki nilimfundisha karani mpya, kijana mpole wa Morogoro, nikamwambia vitufe asiviguse, mzee ndivyo alivyovizoea. Mzee nilimpa shikamoo yake asubuhi na basi. Naye hakunitafuta.

Siku ya kuondoka nilikwenda stesheni mapema na sanduku langu. Hakuna aliyenisindikiza, mama mwenye nyumba alikuwa shambani tena. Nilikaa kwenye benchi chini ya paa, pembeni ya mama mmoja wa Kisukuma aliyekuwa na kapu na kitenge kikubwa, kimya kama mimi. Treni ilikuwa imechelewa. Jua lilikuwa limeinama na watu walikuwa wengi.

Nikamwona anakuja. Alitembea katikati ya njia, polepole, mwavuli anautumia kama fimbo, shati lake limenyooka. Peke yake, toka mjini hadi kule. Na bado sikumsalimia. Nilikaa pale pale nikanyamaza makusudi, nikasema moyoni, aje mwenyewe anitafute, na yeye aone uchungu wa kutosemewa neno. Mtu mzima anapita mbele yako na hutoi shikamoo! Mama yangu angenichapa mbele za watu.

Akamuuliza mpagazi. Mpagazi akanyoosha mkono, "Yule pale, mzee, kwenye benchi." Akaja moja kwa moja, akasimama mbele ya yule mama wa Kisukuma.

"Mwanangu," alisema. Mama wa watu akainua uso, ameshangaa. "Najua hutaki kuongea na mimi. Una haki. Nimekuja kusema jambo moja, halafu nitakuacha. Mimi sioni. Tangu hujafika nilikuwa nimeshaambiwa na daktari, ni presha ya macho, haiponi. Sikumwambia mtu. Hata watoto wangu hawajui. Wewe ulisema macho yako ni mabovu, na mimi nikakuacha uende nayo. Ripoti imebaki mwisho tu. Ningesema siku ile wangeichukua. Nikaichagua ripoti, mwanangu. Nikakuacha wewe."

Mama wa Kisukuma alinitazama. Akamtazama mzee, macho yake yalivyokaa, akanitazama tena, na akaelewa. Akachukua kapu lake taratibu bila kulikwaruza chini, akajisogeza mwisho wa benchi, nami nikahamia pale alipokuwa amekaa, mbele ya mzee, pale alipokuwa anaongea.

"Najua, baba," nikasema. Sikuwahi kumwita baba kabla ya hapo.

Kichwa chake kilishtuka kidogo kuisikia sauti. "Unajua nini?"

"Kwamba huoni. Najua tangu zamani."

Akauegemea mwavuli wake. "Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Hata huko kwako? Hata mama mwenye nyumba?"

"Hapana, baba."

Alinyoosha mkono akaipapasa benchi, akakaa. Magoti yake yalielekea relini, nikadhani amemaliza.

"Basi ulikuwa peke yako," akasema. "Muda wote huo. Mle chumbani na mimi."

Nilitaka kusema hapana, kwa adabu. Nikasema ndiyo. Akautafuta mkono wangu, akaupata, akaushika, na tukakaa hivyo mpaka treni ikaingia.